Mti wa Mpaka Kwenye Ghorofa ya Tatu

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula ndizi mbichi. Kila mtu wa Embu na Meru anaukumbuka. Unga wa mahindi ulipanda bei ukawa chakula cha wageni, basi asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni ndizi zilizopondwa na majani ya malenge ili zionekane kama kitu kingine. Mjukuu wangu aliniuliza, "Cucu, kwani sisi ni tumbili?" Nikamjibu kwamba tumbili ana nafuu, yeye haambiwi aoshe sufuria.

Ndio mwaka huo, nikiwa naoga, mkono wangu ulipokuta kitu kwenye titi la kushoto. Kigumu, kama jiwe unaloling'ata kwenye maharagwe ya mtu asiyejua kuchambua.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi na hujui utaanzia wapi. Usitafute hapa maneno ya daktari. Mimi niliacha shule darasa la nne nikachunge mbuzi za baba huko Mbeere. Ya daktari muulize daktari. Mimi nitakuambia ya benchi, ya ndoo ya kutapikia, na ya mimea ya ndani ya nyumba, ambayo kabla ya hapo nilikuwa naicheka. Mmea ni wa shamba kama ng'ombe alivyo wa zizi. Mtu anayeweka mti karibu na televisheni nilidhani amekosa watoto wa kulea.

Sikumwambia mwanangu Nyaga, maana mwanamume humwambii habari za titi alilonyonya. Nilimwambia mke wake, Gatwiri. Gatwiri alizaliwa Kanyakine, wazazi wake wote wawili walimu, akalelewa kwenye nyumba za shule, leo shule hii, kesho ile. Anafanya kazi ya ofisi mjini Embu, na usukani anaushika kuliko wanaume wengi. Moyo wake ni mzuri. Lakini shamba halijui, na hapo ndipo kesi yetu ilipotoka.

Titi lilikatwa kabla ya mvua ya Machi. Nilipoamka nilipapasa, nikakuta bandeji mahali palipokuwa na kilima. Nililia. Halafu nikasema, lililisha watoto watano, na wa mwisho alikuwa akiuma. Lipumzike.

Kisha daktari akasema dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu. Nikazipanga kwa kalenda yangu mimi: ya kwanza watu wakipanda maharagwe, ya mwisho wakiyapura. Nyumbani kwangu ni juu kidogo ya Karurumo, na barabara ile si ya mtu anayetapika, kwa hiyo nikahamia kwa Nyaga na Gatwiri mjini, ghorofa ya tatu. Tangu nipate akili sijawahi kupitisha majira ya kupanda bila udongo kwenye kucha. Mwaka huo kucha zangu zilikuwa safi kama za maiti.

Sista wa chumba cha dripu ndiye aliyenikataza. Alisema dawa ile inapigana na ugonjwa lakini inawaangusha pia askari wa mwili, na udongo una vidudu vingi.

"Usiuguse kwa mikono mitupu mpaka tumalize."

"Sista, mimi ni mkulima."

"Ndiyo maana nakuambia wewe. Yule mwalimu pale sijamwambia kitu."

Kabla ya dripu kuna benchi. Benchi ni nusu ya ugonjwa. Unafika mapema, unatolewa damu, unangoja majibu ya damu, unangoja dawa ichanganywe, unangoja kiti. Kila mtu anaangalia sakafu. Siku yangu ya kwanza tulikuwa hivyo, kimya kama mbuzi kwenye mvua, mpaka akaingia mwanamke mnene mwenye sauti ya mtu aliyezoea kupigia pikapu za miraa kelele alfajiri.

"Muga!" alitusalimia kwa Kimeru chao. "Hawa wote mmeshikwa kwa kosa gani?"

Huyo ni Mama Kendi wa Maua, mfanyabiashara wa miraa. Alikuwa anakaa kwa dada yake aliyeolewa Embu ili apate matibabu karibu. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, ila wake wa kulia na wangu wa kushoto. Alisema tukisimama bega kwa bega tunatoka mtu mmoja kamili.

Dawa yenyewe ni nyekundu kama juisi ya sherehe. Nakuambia mapema ili usishtuke kama mimi: ukienda chooni mkojo nao unatoka mwekundu. Nilipiga kelele Nyaga akakimbia mpaka mlangoni, asijue kama aingie au asiingie. Baadaye mdomo ulionja chuma. Chai chuma, ndizi chuma, maji chuma. Nikawa nakaa kwenye kiti cha dirishani naangalia mabati ya watu.

Gatwiri aliona. Mjini pale, ukingoni mwa barabara, kuna watu wanaouza mimea kwenye vyungu, na muuzaji mmoja alimwonyesha mmea wenye majani marefu kama ya mahindi. Akamwambia huo ni wa ndani, ni mgumu, hata ukiusahau haufi. Gatwiri akakumbuka kwamba kwangu kuna mstari mzima wa mimea kama hiyo. Kwa nini anunue? Jumamosi alienda Karurumo kunichukulia blanketi, akaomba jembe kwa jirani.

Alirudi jasho linamtoka, anacheka.

"Mama, funga macho."

Nikafunga. Nikasikia kitu kizito kinaburutwa.

"Fungua!"

Nilifungua. Ndani ya ndoo nzuri ya rangi ya dhahabu ulisimama mti ninaoujua kuliko ninavyoijua sura yangu.

"Gatwiri, huu umeutoa wapi?"

"Kule chini kwenye kona, karibu na kwa Baba Mdogo Ireri. Iko mingi, Mama, nikachukua ule mkubwa zaidi."

Nilikuwa nimekaa tayari, lakini nilikaa zaidi.

Huko kwetu mtu hapandi mti ule kwa urembo. Baba mkwe wangu alipogawia wanawe shamba, upande huu marehemu mume wangu, upande ule mdogo wake Ireri, aliita wazee, wakapanda mstari wa ile miti kutoka barabarani mpaka mtoni. Wa kona aliupanda kwa mikono yake mwenyewe. Mashamba yalipimwa zamani na karatasi ziko, lakini mtu wa kwetu haamini karatasi kama anavyoamini mti. Watoto wetu walichapwa kwa kuvunja jani tu. Na mke wa mwanangu alikuwa ameung'oa na mizizi yake, mchana, jirani akimsaidia kushika jembe na kumwangalia kama sinema.

Nilipomweleza, Gatwiri aliishika ile ndoo kama mtu aliyegundua amebeba mtoto wa mtu mwingine.

"Nirudishe sasa hivi?"

"Umechelewa," nikamwambia. "Ireri ameshasikia."

Ireri alikuja siku ya dripu ya pili, mpaka pale kwenye benchi. Amevaa koti la kanisani na ana mfuko wa karatasi mkononi. Hakunisalimia.

"Shemeji, umehamisha mpaka."

"Nimehamisha nini, Ireri? Mimi hata ubavu sijigeuzi vizuri."

"Mti uko wapi?"

"Uko sebuleni."

"Sebuleni!" Aliwageukia watu wa benchi, utadhani ni baraza. "Baba yangu aliupanda mpakani, huyu ameuweka sebuleni! Shemeji, wewe unajua maneno ya wazee. Anayeng'oa mti wa mpaka haoni mavuno."

Fikiria unamwambia mtu maneno hayo, anangoja sindano. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini maneno uliyolishwa ukiwa mtoto hayatoki kwa ubatizo.

Mama Kendi ndiye aliyejibu. "Mzee, hapa hakuna mwenye uhakika wa kuona hata chakula cha mchana. Keti. Unatuzibia hewa."

Ireri aliketi. Akaeleza kwamba amekwisha kwenda kwa wazee. Nao walikata shauri hivi: mti uling'olewa na mtu wa nyumba yangu, basi mwenye nyumba ndiye ataurudisha, kwa miguu yake mwenyewe, maana mti wa mpaka haurudishwi na mtu wa kutumwa. Usirudishwe sasa, kwa sababu mizizi imekatwa na ukifia mpakani itakuwa msiba juu ya msiba. Ushike mizizi kwanza. Siku ya kuvuna maharagwe, shamba likiwa wazi na watu wote wakiona, niulete ukiwa hai. Ukifa, basi wataita kikao upya, na mpaka wenyewe utazungumzwa upya.

"Na mimi nikifa?" nikamuuliza.

Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimeteleza, na alikuwa ameona kichwa. Nywele zangu zilikuwa zimeanguka wiki ile, zote pamoja, kama kuku aliyemwagiwa maji moto. Aliangalia, akaangalia viatu vyake.

"Hata hivyo," akasema polepole, "mpaka ni mpaka."

Akanisukumia mfuko. "Nilikuletea hizi."

Nikachungulia. "Ndizi, Ireri?"

"Ni mbivu," akasema.

Kwa hiyo sasa unaelewa hesabu yangu ilivyokuwa. Tufike kwenye mavuno, mimi na mti, wote tukiwa hai. Mmoja akibaki njiani, Ireri angepata neno, na watoto wangu wangerithi ugomvi badala ya shamba.

Nyumbani mambo yaliharibika. Nyaga na Gatwiri walikuwa wanagombana jikoni kwa kunong'ona. Mimi nilipoteza nywele, sikupoteza masikio.

"Umeniletea laana nyumbani," Nyaga anasema. Huyo amesoma chuo kikuu.

"Laana gani? Wewe si unaimba kwaya?"

"Naimba. Lakini ungeniuliza!"

"Nilitaka Mama afurahi!"

Mezani walipitishiana chumvi kama majirani walioshtakiana. Gatwiri kwa uchungu wake akaamua mti hautakufa hata kidogo, akawa anaumwagilia kila asubuhi kabla ya kazi. Nyaga naye, kwa siri, akawa anaumwagilia jioni. Mti ule ulinyweshwa kuliko ng'ombe wa maziwa.

Majani ya chini yakaanza kuwa ya manjano. Gatwiri akasema una kiu, akaongeza maji.

Dripu ya tatu ndiyo iliyonipasua mdomo. Vidonda ulimi mzima, siwezi kumeza hata mate bila kukunja uso. Nilitandika godoro sebuleni maana kitandani nilijiona kama nimeshawekwa tayari kuzikwa. Nikiwa pale chini, kichwa karibu na ndoo, nikasikia harufu. Ulimi ulikuwa umekufa lakini pua ilikuwa hai. Ilikuwa harufu ya kinamasi, ya nduma zilizosahaulika kwenye maji. Nikaitikisa ndoo, ikasema *chubwi*.

"Gatwiri! Hii ndoo ina matundu chini?"

"Hapana, Mama. Si ingelowesha zulia?"

Hapo nikacheka mpaka vidonda vikatoa damu. Mti mzima wa mpaka, uliostahimili ukame uliotulisha ndizi, ulikuwa unazama ndani ya nyumba kwa ajili ya zulia!

Tukaufanyia upasuaji Jumamosi hiyo. Mimi kwenye kiti, nimefunga leso mdomoni kama daktari, Gatwiri chini amevaa glavu za kuoshea vyombo. Akautoa. Mizizi nusu ilikuwa imeoza, laini na nyeusi. Nikamwambia akate yote iliyooza mpaka afike kwenye nyeupe. Akakata.

"Sasa kata na kichwa."

"Kichwa, Mama?"

"Kata pale juu, chini ya majani mabichi. Shina likifa, kichwa kitaota. Kichwa kikifa, shina litachipua. Kama vile umepanda mihogo."

Ndipo Nyaga akaingia. Akaona mti umelala kwenye gazeti vipande viwili, mke wake ameshika kisu, mama yake amefunga leso.

"Mama! Mmekata mti wa mpaka!"

"Nyaga," nikamwambia, "mimi nimekatwa titi na ninakula uji wako hapa. Shika hiyo ndoo ukaitoboe."

Akatoboa kwa msumari na nyundo, matundu matano, anapiga kwa hasira mpaka jirani wa chini akagonga dari. Gatwiri akaanza kucheka. Nyaga akajizuia, akashindwa. Hiyo ndiyo siku kunong'ona kulipoisha kwenye nyumba ile.

Shina tulilipaka unga wa makaa pale lilipokatwa, tukalirudisha kwenye ndoo, kokoto chini, udongo mkavu uliochanganywa na mchanga juu. Kichwa tukakipanda kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nao una matundu. Zulia tukaliwekea sinia kuukuu. Nikatoa amri: hakuna mtu wa kumwaga tone la maji bila mimi kusema.

Hapa ngoja nikufundishe, kwa sababu umekaa ndani na una muda. Mimea ya nyumbani haifi kwa kiu. Inaharibiwa na upendo. Wageni ndio wabaya zaidi, anakuja kukuombea, akimaliza amina anamalizia glasi yake ya maji kwenye chungu chako. Chukua kijiti, kile cha kuchomea mishikaki kinafaa, kichomeke mpaka chini kama unavyopima keki. Kikitoka na udongo umeshikamana, acha. Kikitoka kisafi, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu usahau. Vumbi lifute kwa kitambaa chenye unyevu, maana jani linapumua kama wewe. Uweke karibu na dirisha, lakini si pale jua la mchana linapouchoma. Na usiuhamehamishe kila siku. Mgonjwa na mti wote huchoka kuhamishwa.

Na uchague kama mtu wa nchi kame anavyochagua mbuzi: usiangalie rangi, angalia miguu. Kina mama wa kanisa waliniletea ua la zambarau, zuri, lina karatasi inayong'aa. Lilitaka maji ya vuguvugu, lisiguswe majani, lisipigwe na upepo. Nikawaambia asanteni. Lilikufa kabla ya wiki kwisha na sikuliombolezea. Wakati wewe mwenyewe unabembelezwa, huwezi kubembeleza ua.

Dada yangu alikuja kutoka Mbeere akiwa na mkonge pori kwenye gunia. Unaujua, ule wenye majani magumu yaliyosimama kama mapanga, wenye madoa kama nyoka. Tukiwa wasichana tulitwanga ule tukasokota kamba za mbuzi, na kiu ikizidi tukatafuna jani. Gatwiri alipoona alipiga makofi.

"Mama, huu mjini unauzwa kwenye vyungu vyeupe!"

"Huu?" dada yangu akasema. "Huu tulifungia mbuzi!"

Tukaupanda. Sijui kama upo mmea mgumu kuushinda. Niliukalisha kwenye pembe ya giza karibu na choo, nikaupa maji mara moja kwa mwezi, na ukazaa. Mama Kendi naye akaniletea ule unaotambaa, wenye majani kama moyo, unaoota hata kwenye chupa ya maji. Nikampa mtoto wa mkonge. Baada ya hapo benchi letu likabadilika. Yule mwalimu akaleta alovera kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Mzee mmoja wa Runyenjes, mgonjwa wa koo asiyeweza kuongea, alikuwa akinionyesha kwa vidole urefu wa wake. Watu waliokuwa wanaangalia sakafu wakaanza kuulizana, "Wako umetoa chipukizi?" Sista akatuomba mmoja wa dirisha lake. Tulimpa na kijiti cha kupimia, na onyo.

Lakini sikudanganyi, dripu ya nne ilinimaliza. Kucha zilikuwa nyeusi. Miguu inawaka moto, huku mikono haihisi kikombe. Nyaga alikuwa ananibeba mpaka bafuni akiangalia ukutani, na nilimsikia akilia akifungua bomba ili nisisikie. Shina kwenye ndoo nalo lilisimama uchi, kipande cha fimbo tu. Kila jani lilikuwa limeanguka. Tulitazamana, mimi na ile fimbo. Nilimwambia Gatwiri ya tano siendi. Imetosha. Siku ilipofika nikakataa kuvaa viatu.

Walinibembeleza wote wawili. Nikageukia ukuta. Simu ikalia, Gatwiri akaniwekea sikioni bila kuniuliza.

"Shemeji," ni Ireri. "Mti unaendeleaje?"

"Umekuwa fimbo."

"Fimbo kabisa? Angalia vizuri. Kwenye fundo."

Nikainuka kwa kiwiko, basi tu nimthibitishie kwamba umekufa aniache nife kwa amani. Nikapapasa shina kwa glavu. Karibu na juu palikuwa na kitu kimechongoka, kidogo kama jino la mtoto mchanga. Kijani.

"Ireri, umetoa."

Kisha akasema, "Na wewe?"

"Mimi sijatoa kitu."

"Basi vaa viatu uende na wewe ukamwagiliwe. Kwani unataka nizungumze mpaka na nani? Na Gatwiri?"

Nikavaa viatu. Nilivivaa kwa hasira na kicheko, na mtu akikuambia hivyo viwili si dawa, ujue huyo ameugua homa tu.

Ya tano ikapita. Ya sita Mama Kendi, aliyenitangulia kumaliza, alikuja kutoka Maua kunisindikiza tu, na mfuko wa karanga. Sista alipochomoa sindano benchi zima lilipiga makofi, hata yule mzee wa koo, na yake yalikuwa ya nguvu kuliko yote. Daktari akasema nitarudi kupimwa mara kwa mara, lakini sasa niende nyumbani nikale. Na wiki ile ile, kwa mara ya kwanza, chai ilikuwa chai.

Mwaka ule mvua ilikuja, hamjasahau. Maharagwe yalikubali. Nilirudi Karurumo nikiwa nimeketi mbele kwenye gari la Gatwiri, mkebe wa mafuta ya kupikia mapajani. Kile kichwa tulichokata kilikuwa kimeshika mizizi hadi ilichungulia kwenye matundu. Ile ndoo ilikuwa nyuma, imefungwa mkanda wa gari kama abiria, shina lake na vichwa viwili vipya vyenye majani ya kung'aa. Nilimwambia Gatwiri tupitie nyumbani kwanza tuiteremshe sebuleni.

Halafu nikatembea mpaka kona kwa miguu yangu mwenyewe. Nilipumzika mara nyingi, lakini hakuna aliyenishika. Wazee wawili walikuwa pale, Ireri na mke wake, majirani na vikapu vyao vya maharagwe. Mke wa Ireri alikuwa amechemsha maharagwe mabichi ya siku hiyo. Kabla ya lolote nilichota kiganja kizima nikala mbele yao wote, taratibu, nikimtazama Ireri. Mavuno nimeyaona, na chumvi ilikuwa sawasawa.

Nikavaa glavu, nikauweka ule mmea mdogo shimoni, nikaushindilia udongo. Udongo wa kwangu! Hata kupitia glavu niliujua.

Ireri alitazama mmea, akatazama nyuma yangu. "Na ule mkubwa?"

"Huu ndio kichwa chake."

"Huu ni mtoto. Baba yangu alipanda mama."

Mzee mmoja akamgusa bega. "Ireri, baba yako hayupo na wewe umesimama hapa. Kuna mtu amesema boma halina mwenyewe?" Watu wakacheka. Wazee wakasema mpaka umesimama, kesi imekwisha, tukale. Lakini Ireri alinifuata mpaka nyumbani, akasimama mlangoni, akaona mti wa baba yake kwenye ndoo ya dhahabu karibu na dirisha, umepanguswa vumbi.

"Shemeji, nipe nikaupande kando ya huyo mtoto wake. Wa baba ni wa baba."

Nikamwambia, "Ireri, mti huu sitoi. Tulikuwa wagonjwa wawili kwenye nyumba moja, na mimi simfukuzi mgonjwa mwenzangu."

Alienda zake akinung'unika. Sasa nywele zangu zimerudi, nyeupe na laini kama za mtoto, na sebule yangu ina mkonge pori, alovera, na ule unaotambaa umefika kwenye picha ya marehemu. Ireri huja kila Jumapili baada ya kanisa. Anakunywa chai, vikombe vitatu. Anachomeka kijiti kwenye ndoo bila kuambiwa, anakiangalia, ananiambia kama ni siku ya maji au siyo. Anafuta jani moja moja kwa leso yake ya kanisani. Mke wake anasema nyumbani hajawahi kupangusa hata meza.

Akishamaliza anasimama, anavaa kofia, anakohoa.

"Shemeji, na huu mti wa baba?"

"Ireri, mti huu sitoi. Tulikuwa wagonjwa wawili kwenye nyumba moja, na mimi simfukuzi mgonjwa mwenzangu."